Uvimbe wa Taya: Jina Lina Kazi Yake

Kuna kijana mtaani kwetu, yuko kidato cha pili, amezoea kuficha shavu la kushoto kwa kiganja. Halimuumi. Jirani mmoja alisema jino limeoza, mwingine akasema karogwa. Mimi niliwaza saratani. Hospitali walipiga eksirei, wakakata kinyama na kukipima: ameloblastoma. Sio saratani, lakini mama yake alitoka na neno moja tu kichwani: kukata taya.

Nikaamua kuichimba historia ya jina hilo.

Ndugu msomaji, safari inaanzia Dublin mwaka 1827. Daktari James William Cusack aliandika habari za wagonjwa aliowakata sehemu ya taya la chini. Upasuaji wa kutumia etha kama dawa ya usingizi ulikuja kuonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, kwa hiyo hao walikatwa wakiwa macho!

Mwaka 1885 Mfaransa Louis-Charles Malassez aliuita uvimbe huo adamantinoma. Mwaka 1930 Ivey na Churchill wakaleta jina la ameloblastoma, kutokana na ameloblasti, seli zinazotengeneza gamba gumu la jino. Yaani uvimbe unatokana na mabaki ya kiwanda cha meno. Kwa kawaida hausambai mwilini, ila unatafuna mfupa pole pole, na ukikwanguliwa tu mara nyingi hurudi. Ndiyo maana madaktari hukata hadi kwenye mfupa mzima.

Sasa sikiliza. Mwaka 1977 Robinson na Martinez waliitenga aina yenye mfuko mmoja, inayowapata zaidi vijana, wakaonyesha kwamba hurudi mara chache zaidi. Tangu hapo, baadhi ya vijana wameweza kubaki na taya lao: upasuaji mdogo, halafu eksirei za kufuatilia kwa miaka mingi. Mwaka 2014 watafiti wakagundua kwamba uvimbe mwingi wa aina hii una hitilafu katika jeni iitwayo BRAF, na vidonge vinavyoilenga vimeshajaribiwa kwa baadhi ya wagonjwa.

Miaka karibu 200 ya kuuchunguza uvimbe huu, na jina la aina yake husaidia kuamua mfupa kiasi gani ukatwe.

Nimemwandikia mama yule swali moja kwenye karatasi: "Daktari, ni aina ipi?" Jumatatu ataliuliza. Kinachoniuma ni kwamba shavu lile lilianza kuvimba mwaka jana, na sote tulikuwa tunaliona.

Una mdogo wako mwenye shavu lililovimba bila maumivu? Usingoje limuume.