Kodi inakwenda, mlango haujafunguliwa: kwa nini kazi ya ndani huchelewa Unguja

Jengo limesimama, bati limepigwa, anayepita njiani anaona kazi imekwisha. Kwa mgahawa, duka au hoteli ndogo, kinachokula muda ndicho hicho kilichobaki: waya, mabomba, dari, vigae, rangi, makabati na viyoyozi.

Muda huo una bei. Tuseme fremu unailipia shilingi milioni 1.5 kwa mwezi. Ikichelewa miezi mitatu, milioni 4.5 zimekwenda kabla hujauza hata soda moja. Hapo bado hujahesabu mishahara ya vijana uliokwisha kuwaajiri.

Ukiwa Mangapwani, kilomita 20 na kitu kaskazini mwa Mji Mkongwe, hesabu inazidi kuuma. Ikikosekana kona moja ya bomba, safari ya mjini na kurudi inamla fundi nusu siku. Orodha ya vifaa vidogo inatakiwa iwe kamili kabla gari halijaondoka mjini, si baada ya kufika.

Anzia tarehe ya kufungua, hesabu kurudi nyuma

Wageni huwa wengi kuanzia Juni mpaka Oktoba, kisha Desemba mpaka Februari. Wenye biashara wengi hufanya ukarabati Machi hadi Mei kwa kuwa wateja ni wachache. Sawa, lakini hiyo ndiyo masika, na ndiyo miezi mibaya kuliko yote kwa kitu chochote kinachotakiwa kukauka.

Chukua sakafu. Makisio yanayotumiwa sana na wajenzi ni siku moja kwa kila milimita moja ya unene, hewa ikiwa nzuri. Tabaka la saruji na mchanga la milimita 50 linahitaji kama siku 50 kabla ya kuwekewa mbao au vinaili juu yake. Likimwagwa mapema Januari, linakuwa tayari mvua haijaanza. Likimwagwa Aprili, hiyo hesabu isahau. Lipu mpya nayo ikipakwa rangi ikiwa mbichi, miezi michache tu rangi inabanduka kama ganda la kitunguu, na unalipia kazi ileile mara mbili.

Ramadhani nayo iwekwe kwenye ratiba kwa jina lake. Saa za kazi hupungua, na siku za mwisho kabla ya Idi mafundi wengi wanakuwa makwao. Kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ratiba ya mwaka jana huwezi kuinakili. Miaka hii umekuwa ukiangukia Februari na Machi, ukikaribiana na masika. Mwaka 2030 unatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na Desemba.

Kazi gani ikichelewa, zote zinachelewa?

Mwaka 1957, wataalamu wa kampuni ya DuPont na wa Remington Rand nchini Marekani walitengeneza mbinu ya kupanga miradi ambayo inatumika mpaka leo. Huhitaji kompyuta kuielewa. Unatafuta mnyororo wa kazi ambazo kila moja inaisubiri iliyotangulia, kwa sababu mnyororo mrefu kuliko yote ndio unaoamua tarehe ya kumaliza.

Bafu la hoteli ndio mfano mzuri. Mabomba yapite, yapimwe presha, ukuta upigwe lipu, dawa ya kuzuia maji ipakwe, sakafu ijazwe maji na kuachwa saa 24 kuangalia kama inavuja, ndipo vigae, kisha fuga, kisha choo na sinki. Rangi ya mapokezi ikichelewa wiki moja huenda isikudhuru. Kipimo cha presha kikichelewa siku mbili, bafu zima linachelewa siku mbili. Na ukikiruka ili uwahi, utavunja vigae vipya kutafuta panapovuja.

Mzigo unaovuka maji

Unguja ni kisiwa. Vioo, viyoyozi, majiko ya mgahawa na vigae vingi vinakuja kwa meli, kutoka Dar es Salaam au mbali zaidi. Gati ya Malindi ni finyu, na hiyo ni sababu mojawapo ya Serikali kupanga bandari mpya hapo hapo Mangapwani. Kwa hiyo vitu vya kuagiza viagizwe kabla hata ukuta wa kwanza haujavunjwa. Kama vinatoka China, kumbuka viwanda vingi hufungwa kwa mwaka mpya wao, kati ya Januari na Februari.

Binafsi naona kigae kinachopatikana mjini leo ni bora kuliko kizuri zaidi kilichoko kwenye kontena.

Mji Mkongwe una sheria zake

Ukikodi jengo la zamani mjini, kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kinatangulia nyundo. Mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na hata mlango huubadilishi unavyotaka. Vichochoro haviingii lori, kwa hiyo saruji inafika kwa mkokoteni, na hamali naye anahitaji nafasi kwenye bajeti.

Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa huficha mengi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka ikiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakafariki. Muite mhandisi akague ukuta na boriti kwanza, ndipo usaini tarehe ya kukabidhiwa.

Umeme na vibali vya mwisho

Maombi ya umeme mkubwa yapelekwe ZECO mwanzoni, si siku viyoyozi vinapofungwa. Ukaguzi wa Zimamoto na leseni ya Kamisheni ya Utalii navyo viwe na siku zake kwenye ratiba. Jenereta ya kukodi pia iwe na fungu lake: kuanzia Desemba 2009 kisiwa kilikaa gizani kama miezi mitatu baada ya hitilafu ya umeme unaotoka Bara.

Fundi amehama, au wewe umebadili mawazo?

Fundi maiko tunamjua: anachukua pesa ya awali, anaonekana siku tatu, kisha simu haipatikani. Dawa yake ni kulipa kwa hatua iliyokaguliwa, na asilimia 5 mpaka 10 ibaki mkononi mwako hadi kasoro zirekebishwe.

Lakini wakandarasi nao wana malalamiko yao, na mara nyingi wana haki. Mwenye mali anaona picha Instagram usiku, asubuhi anataka kaunta ihamie upande wa pili. Kaunta ikihama, bomba, soketi na taa vinahama nayo. Kila badiliko liandikwe, hata kwa WhatsApp, likiwa na mambo mawili: linaongeza shilingi ngapi na siku ngapi. Fundi asiguse kitu mpaka mwenye mali ajibu kwamba amekubali yote mawili.