Safari ya Anga ya Nairobi–New York

Safari ya anga ya Nairobi–New York ni njia ya ndege za abiria iunganishayo, pasipo kutua katikati, Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Jomo Kenyatta na kile cha John F. Kennedy, ambavyo baina yao, kwa njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, pana masafa ya takriban kilomita 11,800. Ilianzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege aina ya Boeing 787-8, ikawa ya kwanza kuziunganisha Kenya na Marekani moja kwa moja.

Muda wake ni kadiri ya saa 15 kwenda na 14 kurudi, kwa sababu pepo za anga ya juu, zivumazo kutoka magharibi, huikabili ndege iendayo na kuisukuma irudiyo. Saa za Nairobi hutangulia za New York kwa 8 majira ya baridi na 7 majira ya joto. Hivyo msafiri aondokaye saa tano na nusu usiku wakati wa baridi huwasili saa kumi na mbili na nusu asubuhi ifuatayo.

Kiwanja cha Nairobi kiko mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako wepesi wa hewa hupunguza nguvu za injini na mabawa, na kwa hiyo huuwekea kikomo uzito wa mafuta, abiria na shehena uwezao kuchukuliwa.