Simu ya mezani inavyoelewana na intaneti

Mtu anaponyanyua mkono wa simu ya zamani ya mezani, simu hiyo haitumi ujumbe wowote. Inachofanya ni kukamilisha mzunguko wa umeme katika nyaya mbili za shaba. Kituo cha kuunganishia simu, ambacho hupeleka umeme wa takriban volti 48 katika laini hiyo, hutambua kuwa mteja anataka kupiga, ndipo mlio wa laini husikika.

Intaneti haielewi lugha hiyo, kwani yenyewe husafirisha vifurushi vya data. Kwa sababu hiyo huwekwa adapta katikati, kisanduku kidogo kinachojifanya kituo cha simu. Hutoa umeme, hupiga mlio, hutambua namba zinazobonyezwa na kugeuza sauti kuwa data kwa kuipima mara 8,000 kila sekunde.

Hata hivyo, ni lazima mtandao ujue nani anampigia nani. Kazi hiyo ni ya itifaki za kuashiria, yaani kanuni za kuanzisha na kukata simu. Sauti yenyewe husafirishwa kwa itifaki nyingine.

Itifaki ya MGCP, iliyochapishwa mwaka 1999, huifanya adapta kuwa mtumishi asiyejiamulia: huiarifu kompyuta kuu kwamba mkono umenyanyuliwa, kisha hungoja maagizo, hata ya kutoa mlio wa laini. Itifaki ya SIP, ambayo waraka wake wa msingi unaotumika hadi sasa ulitoka Juni 2002, huiachia adapta akili zaidi. Adapta hukusanya namba, hutuma mwaliko kwa seva, huarifiwa kuwa simu ya pili inaita, kisha kuwa imepokewa.

Kitu kimoja hakikuhamishika: umeme. Simu ya zamani ilitegemea betri za kituo, ikafanya kazi hata mtaa ukiwa gizani. Adapta hutegemea umeme wa nyumbani. Ukikatika bila betri ya akiba, simu hunyamaza.

Nchini Uingereza suala hilo limewagusa hasa wazee wenye vitufe vya dharura vilivyounganishwa na laini za mezani. Mwaka 2018 mdhibiti wa mawasiliano, Ofcom, alielekeza kuwa wateja wasio na njia nyingine wapewe uwezo wa kupiga simu ya dharura kwa angalau saa moja umeme unapokatika. Mwaka 2024, kampuni ya BT iliahirisha kuzima mtandao wa zamani kutoka Desemba 2025 hadi mwishoni mwa Januari 2027. Saa moja, kwa mgonjwa anayeishi peke yake, si muda mrefu.