Staudinger na ushahidi wa molekuli ndefu

Mwaka 1920 Hermann Staudinger, mkemia Mjerumani aliyekuwa akifundisha Zurich, Uswisi, alichapisha hoja iliyowakera wakemia wengi wa zama zake: kwamba mpira na vitu vya jamii yake ni minyororo mirefu ya atomu, zilizoshikana kwa vifungo vilevile vya kikemia vinavyoshika molekuli ndogo. Wengi waliamini kuwa vitu hivyo ni mikusanyiko ya molekuli ndogo zilizovutana kwa nguvu hafifu. Heinrich Wieland, mmoja wa wakemia wakubwa wa Ujerumani, alimshauri aachane na wazo hilo: asafishe mpira wake vizuri, naye ataona ukiganda kuwa fuwele za molekuli ndogo. Kisa hicho husimuliwa mara nyingi ili kusifu ukaidi wa mtu aliyesimama peke yake. Sifa hiyo naiona haitoshi, maana hata mwenye nadharia potofu huweza kuishikilia maisha yake yote. Kilichompa Staudinger ushindi ni namna alivyobuni majaribio ambayo wapinzani wake wasingeweza kuyakwepa.

Jaribio la mpira ndilo lenye nguvu kuliko yote. Wapinzani walidai kuwa molekuli ndogo za mpira hushikana kwa sababu ya vifungo maradufu vilivyomo ndani yake, ambavyo hubakiza nguvu ya kuvuta molekuli jirani. Staudinger aliichukua kauli yao jinsi ilivyo. Kama ni kweli, basi vifungo hivyo vikijazwa hidrojeni mvuto utakwisha, na kitakachobaki kitakuwa kitu chepesi kinachoweza kuchemshwa na kukusanywa kwa mvuke kama mafuta ya kawaida. Mwaka 1922, yeye na Jakob Fritschi walitoa matokeo: mpira uliojazwa hidrojeni ulibaki mzito, haukugeuka mvuke, na mmumunyo wake ulikuwa na tabia ileile ya mpira wa asili. Katika kazi hiyo ndipo alipoziita molekuli hizo makromolekuli, yaani molekuli kubwa mno.

Wapinzani hawakuwa wajinga, na haki yao wapewe. Picha za eksirei zilionyesha kuwa kipande kidogo kabisa kinachojirudia ndani ya fuwele za selulosi, dutu inayojenga nyuzi za mimea, ni kidogo sana, na wengi walidhani molekuli haiwezi kuzidi ukubwa wa kipande hicho. Mkemia Herman Mark na wenzake ndio waliosaidia kuondoa kizuizi hicho, kwa kuonyesha kwamba mnyororo mmoja unaweza kupita katika vipande vingi. Staudinger naye alikosea. Alizidhani molekuli zake kuwa ngumu kama fimbo, na hapo Mark na mkemia mwingine, Werner Kuhn, walikuwa karibu zaidi na ukweli: nyingi hujikunjakunja kama uzi uliotupwa chini. Kosa hilo liligusa hata kanuni yake ya kupima uzito wa molekuli kwa mnato wa mmumunyo, ambayo ilibidi irekebishwe. Lakini anayejadili umbo la mnyororo amekwisha kukubali kuwa mnyororo upo, na kipimo cha mnato, baada ya marekebisho, kingali kikitumika katika maabara.

Kuna pingamizi lililo zito zaidi. Mkemia Leo Baekeland alitengeneza plastiki ya Bakelite mwaka 1907, kabla ya nadharia yoyote ya Staudinger. Basi nadharia ilileta nini? Ilileta uwezo wa kupanga kitu kabla ya kukitengeneza. Mkemia Wallace Carothers, aliyejiunga na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1928, aliunga molekuli ndogo moja baada ya nyingine kwa njia zilizojulikana, akijua anajenga mnyororo, na mwaka 1935 maabara yake ikapata nailoni. Uelewa huohuo unahusu vitu vya asili pia: katani ya Tanga kwa sehemu kubwa ni selulosi, na uimara wake hutokana na minyororo hiyo.

Tangu 1926 Staudinger alifanya kazi Freiburg, na kuanzia miaka hiyo mkewe Magda, mtaalamu wa mimea kutoka Latvia, alishirikiana naye katika utafiti na uandishi. Mwaka 1947 alianzisha jarida la *Die Makromolekulare Chemie*, na fani aliyoshauriwa kuiacha ikawa na jukwaa lake. Tuzo ya Nobel ya Kemia alipewa 1953, akiwa na umri wa miaka 72. Ilichelewa mno.