Studios Kabako: waliopanda mto

Kwa miaka mingi, mwanamuziki wa Kisangani aliyetaka jina alikuwa na njia moja tu: kuteremka mto Kongo. Kutoka bandari yetu mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700, na meli ya mizigo inaweza kukaa majini wiki kadhaa. Abeti Masikini alizaliwa hapa mwaka 1954, mji ukiitwa bado Stanleyville, lakini aling'aria Kinshasa, na mwaka 1973 akaimba Olympia jijini Paris. Koffi Olomide naye alizaliwa hapa miaka miwili baada ya Abeti, ila ni wangapi leo wanaomhesabu kuwa mwanamuziki wa Kisangani? Mji ulizaa, Kinshasa ikalea.

Mwaka 2006 Studios Kabako, kundi la dansi, tamthilia na muziki, ikaja kwa mwelekeo wa pili. Ilitoka Kinshasa, ikapanda mto, ikafungua mizigo yake Kisangani.

Mwanzilishi wake, Faustin Linyekula, alizaliwa mwaka 1974 Ubundu, mwisho wa ile reli inayoanzia ng'ambo ya mto ili kuyakwepa maporomoko ya Boyoma. Alisoma Kisangani, na fasihi na tamthilia ndizo zilizomvuta. Vyuo vikuu vya Zaire vilipofungwa, akaondoka. Mwaka 1993 alikuwa Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen waliunda Gàara, kundi la kwanza la dansi ya kisasa nchini Kenya. Juni 2001 akarudi Kinshasa akaanzisha Studios Kabako, akiipa jina la rafiki yake aliyekwisha kufariki.

Kisangani aliyoirudia mwaka 2006 haikuwa ile aliyoiacha. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yamepigana humu mara tatu, na mara ya tatu, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, makombora yalianguka juu ya nyumba za watu kwa siku sita mfululizo. Vijana waliokuja kwa Linyekula walikuwa watoto wa siku hizo. Wafadhili wengi walikuja wakiwa na semina za amani. Linyekula alikuja na mazoezi ya jukwaani, na nadhani alichagua vizuri zaidi.

Hapa inafaa kukumbuka muziki unavyofundishwa Kongo. Shule zake kubwa zimekuwa orkestra. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza mwaka 1953, OK Jazz mwaka 1956; zilipiga rumba, lakini jina la jazi lilikuwa na heshima yake, nalo likabaki. Docteur Nico aliingia African Jazz akiwa bado mwanafunzi. Kijana anakaa karibu na mkubwa, anaangalia vidole, anapewa gitaa pale mkubwa anapochoka. Kiongozi wa bendi ndiye mwalimu, mwajiri, mara nyingine baba. Ubaya wake ni kwamba mahali pasipo orkestra kubwa hapana shule, na ndiyo maana vijana wetu waliteremka mto.

Studios Kabako ilichukua desturi hiyo ikaiongezea vitu ambavyo orkestra haikuwa navyo: warsha, muda wa kuandaa kazi bila haraka, vifaa vya sauti na video, na mtu wa kuhangaikia mikataba na safari. Mtu huyo kwa miaka mingi amekuwa Virginie Dupray. Dansi, tamthilia, muziki na filamu vikakaa chini ya paa moja.

Kazi inayoonyesha vizuri zaidi jambo hili ni more more more… future ya mwaka 2009. Muziki aliushika Flamme Kapaya, mpiga gitaa aliyetamba na Wenge Musica Maison Mère ya Werrason. Wapigaji hawakufichwa nyuma. Walikuwa jukwaani pamoja na wachezaji, wamevaa mavazi ya mbunifu Xuly Bët. Maneno yaliandikwa na Antoine Vumilia Muhindo, rafiki wa Linyekula tangu utotoni, akiwa mfungwa katika gereza la Makala.

Msikilize Kapaya kwenye seben utaelewa kwa nini kijana anahitaji kukaa karibu. Uimbaji unapungua, magitaa yanashika uwanja. Akompa inalinda mapigo, mi-solo inajaza katikati, solo inapanda juu, na kila mmoja anarudia kipande kifupi huku akikigeuza kidogo kidogo. Anayepoteza nafasi yake anasikika papo hapo. Mpenzi wa jazi angeutambua mchezo huu, na hakuna kitabu kinachoufundisha sawasawa. Katika kazi hii seben, iliyozoeleka kwa kutaja majina ya matajiri, ilibebeshwa maneno ya mfungwa. Kwangu mimi hilo ni somo kubwa kuliko mtindo wowote wa vidole.

Tuzo zikafuata. Mwaka 2007 Linyekula alipewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka 2019 alikuwa msanii mshiriki wa Holland Festival pamoja na William Kentridge. Mwaka huohuo kazi yake Congo ilimleta jukwaani Pasco Losanganya, mwigizaji na mwimbaji.

Lalamiko moja ni la haki: kazi nyingi za Studios Kabako zimeonekana zaidi Ulaya kuliko katika wilaya zetu za Mangobo au Kabondo, na fedha zake nyingi zimetoka huko. Linyekula mwenyewe amekuwa akizungumzia kuutibu mji kama kwa sindano, hapa kidogo na pale kidogo, na akafikiria vituo vitatu katika sehemu mbalimbali za mji badala ya jumba moja kubwa Makiso, katikati ya mji. Mojawapo ya sehemu hizo ni Lubunga, wilaya pekee ya ukingo wa kushoto, ambako mkazi akitaka kuja mjini hulazimika kuvuka maji kwanza. Mipango ya huko, iliyochorwa pamoja na msanifu majengo Bärbel Müller, iligusa hata suala la maji safi. Mwaka 2014 Studios Kabako ikapewa Curry Stone Design Prize, tuzo ya watu wa usanifu, ikiwa ni kundi la wacheza dansi na wapiga gitaa.