Homoni za uotaji katika nafaka

Homoni za uotaji ni kemikali ambazo mbegu hujitengenezea yenyewe ili kuamua lini na wapi vimeng'enya vya kuvunja akiba ya wanga vitengenezwe. Kuu ni mbili: jiberelini, inayohimiza, na asidi absisiki, inayozuia. Katika pwani ya Kilwa na Lindi athari zake huonekana kwenye mtama na mpunga, shambani hata jikoni.

Mbegu kavu imelala. Ikishakunywa maji, kiinitete hutoa jiberelini, nayo husambaa hadi kwenye aleuroni, utando wa seli hai unaozunguka wanga. Humo homoni hunasa kwenye kipokezi chake, na protini za DELLA zilizokuwa zikizinyamazisha jeni huvunjwa. Seli huanza kutengeneza alfa-amilesi na kuimwaga kwenye wanga, ambao hukatwakatwa kuwa sukari ya kulisha mche. Asidi absisiki ikizidi, kazi hiyo husimama.

Jiberelini ilijulikana kupitia ugonjwa. Mwaka 1926 Eiichi Kurosawa, akichunguza huko Taiwan miche ya mpunga iliyorefuka kupita kiasi, alionyesha kuwa chanzo chake ni kemikali inayotolewa na kuvu. Mwaka 1960 Leslie Paleg wa Australia na Harugoro Yomo wa Japani, kila mmoja kivyake, walithibitisha kuwa punje ya shayiri iliyoondolewa kiinitete humeng'enya wanga ikipewa jiberelini.

Mtama haufuati kikamilifu kanuni ya shayiri. Aleuroni yake huitika kidogo tu. Amilesi nyingi hutoka kwenye skutelamu, sehemu ya kiinitete inayogusana na wanga. Punje iliyoumia kiinitete wakati wa kupura haifai kwa kimea, hata ilowekwe vipi.

Kimea hutengenezwa kwa kuloweka mtama usiku kucha, kuutandaza kwenye gunia bichi, kuufunika na kuunyunyizia maji siku mbili hadi tatu. Vimizizi vikishachomoza, punje huanikwa juani, husuguliwa na kupepetwa, kisha husagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uji huwa mwepesi baada ya dakika chache bila kuongezwa maji, na mtoto hupata nafaka nyingi zaidi kwa kikombe kile kile. Kwenye uji unaotokota kimea hakifui dafu, kwa kuwa joto huharibu amilesi. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilihimiza matumizi hayo kwa uji wa watoto katika miaka ya 1980. Kimea hicho hicho hulainisha togwa.

Kusugua na kupepeta si urembo. Vimizizi na machipukizi ya mtama yana dhurini, kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi. Rangi nayo ina neno: mtama wa kahawia wenye tanini nyingi husumbuliwa kidogo na ndege, lakini tanini hizo hushikana na amilesi na kuipunguzia nguvu. Mbegu nyeupe kama Macia hazina kikwazo hicho.

Shambani, hatari ni mvua kuchelewa kukatika. Asidi absisiki ikishapungua kwenye punje zilizokomaa, unyevu hutosha kuziotesha zikiwa bado kwenye mashuke. Wanga wake huwa umeanza kuliwa, na unga wa nafaka hiyo hutoa ugali usioshikana.

Mpunga una njia ya ziada, inayoufaa katika mabonde yanayofurika kama ya mito Matandu na Mavuji. Mtama ukizama hukosa oksijeni na kuoza, lakini kwenye mpunga uhaba wa oksijeni na wa sukari wenyewe huwa ishara, na huwasha jeni nyingine ya amilesi isiyongoja jiberelini. Chipukizi hurefuka kuelekea hewani, huku mizizi ikikaa bila kukua mpaka oksijeni ipatikane. Aina za mpunga hutofautiana sana kwa uwezo huo, na nyingi hufa maji yakikaa muda mrefu juu ya mbegu iliyomwagwa moja kwa moja shambani.