Kraken na Ushahidi wa Wavuvi: Asili na Mvuto wa Visa vya Madubwana ya Bahari

Visa vya madubwana ya bahari kwa kawaida hutiwa katika fungu la hekaya, na mvuvi anayevisimulia huhesabiwa kuwa mtu wa hofu na chumvi nyingi. Historia ya Kraken wa Norwei yaonesha hasara ya uamuzi huo.

Mwaka 1539 Olaus Magnus, kasisi wa Uswidi, alichapisha mjini Venice ramani ya nchi za kaskazini ambayo bahari yake imejaa madubwana. Matini yenye uzito zaidi kwetu, hata hivyo, ni ya Erik Pontoppidan, askofu wa Bergen, iliyotoka 1752–1753, kwa kuwa yeye aliwasikiliza wavuvi. Walimweleza kwamba siku za joto, mahali penye kina cha kawaida cha pima 80 hadi 100, bildi huweza kugota kwenye pima 20 au 30 tu, na samaki hapo huwa tele. Basi hujua Kraken yuko chini. Huvua kwa pupa huku wakipima. Kina kikizidi kupungua, hupiga makasia wakakimbia. Ndani ya kisa cha kutisha, basi, mna vipimo, majira na utaratibu wa kazi. Naona mvuto wake umedumu kwa sababu hiyo: dubwana liwezalo kuzamisha chombo ndilo hilo hilo liletalo riziki.

Wanazuoni walichelewa. Mwaka 1857 Japetus Steenstrup wa Denmark, akitegemea zaidi mdomo wa mnyama aliyetupwa ufukoni, alimpa ngisi mkubwa jina la kisayansi, Architeuthis. Picha za kwanza za ngisi huyo akiwa hai kilindini zilipigwa na watafiti wa Kijapani mwaka 2004, kwenye kina cha meta 900 hivi. (Sisemi kwamba ngisi anamaliza habari ya Kraken, mnyama wa ukubwa wa kisiwa hajaonekana.)

Karibu nasi, silakanti, samaki aliyeaminiwa kuwa ametoweka tangu enzi za dinosaria, alipatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alitafutwa kwa miaka 14, hadi alipopatikana Komoro, ambako wavuvi walikwisha kumjua, wakimwita gombesa.

Kwa hiyo, mabaraza ya Kiswahili yakusanyapo istilahi za uvuvi wa bahari na maziwa, orodha ya majina haitoshi. Kisa chenyewe kirekodiwe kizima, pamoja na mahali, majira na kina.